Kiwanja Chetu cha Vumbi

Mhariri wa jarida hili alinijia katika chumba cha walimu akaniomba insha juu ya umuhimu wa nidhamu. Nilimwambia kwamba juu ya nidhamu nimesema ya kutosha kila Jumatatu gwarideni, na yeye mwenyewe ni shahidi. Nikamwomba aniachie kurasa hizi kwa jambo jingine. Kwa hiyo, wanachama wa Chama cha Kiswahili, na walimu wenzangu mtakaolisoma jarida hili kichinichini mkisimamia mtihani, niwieni radhi. Leo naandika juu ya kandanda. Tena si ile ya runinga mnayoibishania mabwenini mpaka kiranja anachoka. Nataka kuwasimulia kandanda ya mtaani, ile iliyochezwa Eastlands, jijini Nairobi, kila Jumamosi na Jumapili alasiri, bila tikiti, bila ukuta, na mara nyingi bila nyavu.

Kilichonichokoza ni kijana mmoja wa kidato cha tatu. Baada ya Harambee Stars kufika robo fainali ya CHAN mnamo Agosti 2025, aliniambia hivi: "Mwalimu, zamani Kenya hakukuwa na mpira wa maana, si ndio?" Wacha we! Mimi nilikuwa darasa la sita mwaka wa 1987. Mwaka huo Michezo ya Afrika ilifanyika hapa kwetu, na Stars wakafika fainali, wakafungwa na Misri bao moja kwa nunge. Mwaka uo huo Gor Mahia walitoka sare ya mabao mawili na Espérance kule Tunis, wakaja wakatoka nao sare ya bao moja hapa Nairobi, wakalitwaa Kombe la Washindi la Afrika kwa mabao ya ugenini. Kabla ya hapo, Stars walikuwa wamechukua Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Sasa nawauliza, wachezaji hao waliokotwa wapi? Wengi wao hawakuwa wameona shule ya kandanda hata kwa picha. Walitoka katika viwanja vya mitaa.

Na viwanja vilikuwepo, si haba. Kulikuwa na Kaloleni, Camp Toyoyo kule Jericho, Umeme pale Ziwani, na Kamukunji, ambako watu walipania kufanya mkutano wa kudai vyama vingi tarehe 7 Julai 1990, jiji likawaka moto nasi tukakosa mpira majuma kadhaa. Muthurwa, mtaa wa wafanyakazi wa reli, ndiko walikokulia McDonald Mariga na mdogo wake Victor Wanyama. Mariga alikuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mwaka wa 2010, na hakuna Mkenya aliyekuwa amefika hapo kabla yake. Mnapomtaja Wanyama bwenini mkumbuke kwamba kabla ya Glasgow na London kulikuwa na Muthurwa.

Kiwanja chetu sitakitaja jina, maana habari zake zinaishia mahali ambapo watu wangali na uchungu. Itoshe kusema kilikuwa mwendo mfupi kutoka Jogoo Road, katikati ya safu mbili za nyumba za kaunsili. Udongo wake ulikuwa ule mweusi wa Eastlands, ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kumeza kifundo cha mguu, na wakati wa mvua hunata kama ugali usioiva. Juu yake mtu fulani aliwahi kumwaga malori mawili ya maramu, akasawazisha upande mmoja tu. Kwa hiyo kiwanja kilikuwa kimeinama. Aliyeshinda kura ya sarafu alichagua kupanda mlima kipindi cha kwanza, ili cha pili ashuke mteremko wakati wapinzani ni hoi bin taaban. Upande wa mashariki palikuwa na bomba la maji la mtaa. Maji yaliyomwagika yalifanya dimbwi karibu na kibendera cha kona, dimbwi ambalo halikukauka hata Februari. Winga wa ugenini aliyefika pale kwa kasi bila kuonywa, alijuta kuzaliwa.

Watu wakikumbuka mpira wa zamani huwataja wachezaji. Mimi nikifumba macho naona kwanza watu ambao hawakugusa mpira kabisa.

Kulikuwa na mzee wa filimbi. Alikuwa mstaafu wa reli, mwembamba, mwenye kofia ya sufi hata jua likiwaka. Filimbi yake ilikuwa ya kazini. Mchezaji akimbishia, alisimama, akaishika ile filimbi mbele ya pua yake na kusema, "Kijana, hii imesimamisha gari-moshi. Sembuse wewe!" Hakuwahi kulipwa hata senti. Mpira wa ngozi, ambao ulikuwa mmoja tu, ulilala chini ya kitanda chake. Sisi watoto wadogo tulikuwa na mipira yetu ya juala, yaani mifuko ya plastiki iliyoviringwa na kufungwa kwa uzi mpaka ikadunda. Kuuona mpira wa mzee kwa karibu ilikuwa kama kuona mbalamwezi mchana.

Mpira huo ulipoishiwa na pumzi, fundi wa baiskeli aliujaza. Sindano ya kujazia aliifunga kwa kamba shingoni ili asiipoteze. Ulipopasuka mshono, fundi wa viatu aliushona, na mchezaji mwenye njumu zilizofunua mdomo alingoja zamu yake nyuma ya mpira. Mama aliyeuza mandazi hakutupa jivu lake kuanzia Jumatano. Jumamosi asubuhi watoto walilibeba kwa makopo, wakachora mistari. Mistari ya jivu haikuwa minyoofu hata kidogo. Kisanduku cha upande wa kusini kilikuwa kipana kuliko cha kaskazini, na kila mshambulizi wetu alilijua hilo akaenda kuangukia huko.

Kisha kulikuwa na mama wa kipa wetu. Huyu ndiye aliyefua jezi. Zilikuwa kumi na moja, hakuna ya akiba. Mchezaji akitolewa, alivua ya mgongoni ikiwa imeloa jasho na anayeingia akaivaa vivyo hivyo. Jumapili jioni zililetwa kwake katika gunia. Jumatatu alizifua kwa karai na sabuni ya mche, akazianika kwenye ua kwa mpangilio wa namba, kuanzia moja hadi kumi na moja. Namba moja ilikuwa ya mwanawe. Aliyepita pale na kuona pengo alijua kuna mchezaji ambaye hakurudisha jezi, na habari zilimfikia mhusika kabla ya saa sita mchana. Mama huyo hakuja uwanjani hata siku moja. Alisema hawezi kutazama watu wakimpiga mtoto wake mashuti.

Hizo jezi nazo zina kisa. Tulipewa mwaka wa 1992, wakati wa kampeni za uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu chama kimoja kiwekwe katika katiba. Mgombea mmoja alikuja na gari lenye vipaza sauti, akaturushia katoni. Uchaguzi ukafanyika tarehe 29 Desemba, akabwagwa. Januari akatuma mtu azichukue! Mzee wa filimbi alimpokea yule mjumbe kwa heshima zote, akampa kiti, akampa chai, kisha akamwambia, "Mwambie mheshimiwa jezi zipo uwanjani kila Jumapili saa tisa. Akizitaka aje azivue mwenyewe." Hakuja.

Na matangazo je? Yalikuwepo, tena moja kwa moja. Utingo mmoja wa matatu, siku yake ya kupumzika, alisimama juu ya ngoma ya maji akiwa na katoni aliyoiviringa kama kipaza sauti. Alikuwa amelelewa na redio kama sisi sote, na alimwigiza marehemu Leonard Mambo Mbotela kwa ustadi, mpaka ile pumzi anayoivuta kabla ya bao. Kila beki aliyekuwa na tumbo alipewa jina la lori. Kila mfupi aliyejua chenga akawa Kadenge, ingawa Joe Kadenge mwenyewe alikuwa ametundika njumu kabla wengi wetu hatujazaliwa. Watu wasiomwona mchezaji kwa sababu ya umati walicheka tu kwa kusikiliza.

Nisije nikawadanganya kwa kuremba. Mpira wenyewe ulikuwa na kasoro tele. Goli halikuwa na nyavu, kwa hiyo shuti kali lilizua swali kuu la dunia: limepita ndani au nje? Hapo wenyeji hamsini waliapa ni ndani, wageni ishirini wakaapa ni nje, na mzee akaangalia upande ambao mawe ni machache. Ofsaidi ilitegemea kama refa amevaa miwani. Milingoti tuliibeba nyumbani jioni, la sivyo ingeliwa kuni. Aliyevunjika mguu alipelekwa hospitali kwa mkokoteni wa kubebea maji, na nilimwona mshambulizi mmoja mzuri mno, labda bora kuliko wote niliowahi kuwaona kwa macho, akiisha hivyo hivyo akiwa na miaka kumi na tisa. Hakuna aliyemfanyia upasuaji wa goti. Sasa ana duka la simu na anatembea akiegemea upande mmoja.

Kasoro nyingine ilikuwa ya wasichana. Pale bombani palikuwa na msichana mmoja aliyekuja kuteka maji wakati tukifanya mazoezi. Mpira ukitoka nje aliurudisha kwa mguu wa kushoto, ukatua kifuani mwako bila wewe kusogea. Siku moja tulipungukiwa mtu, nahodha akamwita. Alicheza dakika kama kumi. Kaka yake akaja, akamshika mkono, akampeleka nyumbani na mtungi wake, na hakuna mwanamume hata mmoja pale uwanjani aliyefungua kinywa. Mwaka wa 2024, Kenya ilipopata kwa mara ya kwanza timu ya kucheza Kombe la Dunia la kandanda, walikuwa wasichana wa chini ya miaka 17, kule Jamhuri ya Dominika. Niliwatazama usiku nikiwa peke yangu sebuleni. Kulikuwa na mmoja wa mguu wa kushoto. Nililala nimechelewa.

Turudi uwanjani. Msimu wetu mkubwa ulikuwa Desemba. Shule zimefungwa, waliohamia mbali wamerudi, hata aliyeajiriwa Mombasa yupo. Mashindano ya mtaa yalikuwa ya mbuzi au kreti ya soda, na mbuzi mwenyewe alifungwa kwenye mlingoti wa katikati ili kila mtu aone anachopigania. Waliobobea walikwenda Ziwani kwenye Koth Biro, mashindano yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1970 na ambayo jina lake, kwa Kijaluo, maana yake ni "mvua inakuja". Pale Umeme ungeweza kumwona mchezaji wa ligi kuu akikabwa na fundi wa seremala, na seremala asimwogope. Hilo ndilo nililolipenda kuliko mengine. Mchezaji maarufu hakuwa mtu wa bango. Alikuwa jirani ya shangazi yako, na akikosa penalti alisikia habari zake dukani kesho yake, ana kwa ana, akinunua mkate.

Mwaka wa 1997 mvua za El Niño zilipokuja, dimbwi la kona lilimeza nusu ya kiwanja. Tulicheza hivyo hivyo. Mpira ulikuwa ukielea.

Mwaka uliofuata kiungo wetu, aliyevaa namba sita, alianza kukonda. Alicheza dakika arobaini na tano, baadaye ishirini, baadaye akawa anakuja kukaa tu kando ya mstari amejifunika koti jua likiwa utosini. Siku hizo ugonjwa ule haukutajwa. Watu walisema "homa" wakatazama chini. Serikali ilikuja kuutangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, naye wakati huo alikuwa ameshazikwa mwaka mmoja na ushei. Alikuwa fundi wa bomba, mpole, mtu wa kutoa pasi moja tu na kusimama. Aliwahi kuniambia, "Wewe mbio zako ni nyingi, ndugu yangu. Mpira ndio ukimbie."

Alifariki Septemba. Kwao kulikuwa Siaya, na kwamba lazima apelekwe nyumbani halikuwa jambo la kujadiliwa. Kilichojadiliwa kila jioni matangani ni gari, jeneza na nauli. Hesabu ilikuwa haifiki. Ndipo mzee wa filimbi, bila kumwambia mtu, akavaa kofia yake akaenda kwa miguu hadi mtaa wa pili, wale ambao Julai tulikuwa tumeachana nao kwa mawe na mtu mmoja akapoteza meno mawili. Alirudi usiku. Akasema, "Watakuja Jumapili."

Na walikuja, wote, na mama zao na watoto wao. Mikononi walikuwa wamejifunga vitambaa vyeusi walivyokata kutoka mwavuli mbovu. Palitandikwa leso kwenye mstari wa katikati, na kabla ya mechi kila aliyeingia uwanjani alipita hapo. Nahodha wao, yule yule wa mawe, ndiye aliyeweka noti ya kwanza. Utingo siku hiyo hakutangaza. Alisimama juu ya ngoma yake na katoni mkononi, akanyamaza dakika tisini. Mechi yenyewe siikumbuki vyema, nadhani walitufunga. Ninachokumbuka ni hesabu, kwa sababu mimi ndiye niliyeiandika, katika daftari la hisabati la mdogo wangu: shilingi 14,350, na nyingi yake ilikuwa sarafu. Seremala akasema yeye atachukua bei ya mbao tu. Gari likapatikana.

Jumatatu iliyofuata nilipeleka gunia la jezi kwa mama wa kipa. Alizitoa moja moja. Alipofika katikati akaniuliza, "Na hii namba sita, niianike wapi?" Sikuwa na jibu. Ilikuwa safi tayari, hakuna aliyeivaa. Aliikunja akaiweka kando ya kitanda, na baadaye tulisikia kwamba alimpa mama wa marehemu akaenda nayo Siaya. Tangu hapo namba sita wetu alivaa shati jeupe la shule, na namba aliichora kwa makaa. Ilifutika kila ikinyesha.

Sasa wakereketwa wa leo watauliza, mambo haya yaliishaje? Wengi hulaumu runinga, na mimi siikanushi. Ligi Kuu ya Uingereza ilianza mwaka wa 1992. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 kila mtaa ulikuwa na kibanda cha vidio au baa yenye dishi. Mechi ya saa tisa kule kwao huanza saa kumi na moja au saa kumi na mbili jioni huku kwetu, yaani wakati ule ule ambao kipindi cha pili cha mtaani kilikuwa kinapamba moto. Mtu akawa na Arsenal yake, mwingine Manchester yake, na wote wawili hawamjui kipa wa mtaa wao. Lakini nasema bila kupepesa macho kwamba runinga peke yake isingetuweza. Sisi tulikua na Football Made in Germany kila wiki, na ikiisha tulikimbia uwanjani kwenda kujaribu tulichoona.

Kiwanja ndicho kilichokwenda. Kilikwenda asubuhi ya siku ya kazi, mwaka wa 1999. Watoto waliotumwa maziwa walirudi wakisema kuna watu wanapima. Adhuhuri mawe ya mpaka yalikuwa yamesimikwa, moja lao juu ya alama ya penalti ya kaskazini. Siku ya tatu mabati yakazunguka kote, na mlinzi mwenye mbwa akaketi pale ambapo utingo alikuwa akisimama. Mzee wa filimbi alivaa koti lake la Pasaka akaenda ofisini mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa mkubwa hayupo. Mara ya pili faili halionekani. Mara ya tatu kijana mmoja, ambaye umri wake ungemtosha mzee kuwa babu yake, alimwuliza, "Kwani wewe mzee una hati ya hicho kiwanja?" Mzee alitusimulia hilo akiwa amesimama nje ya mabati. Hakuwa na hati. Alikuwa na filimbi na mpira.

Hatukuwa peke yetu. Mwaka wa 2003 serikali mpya iliunda tume chini ya wakili Paul Ndung'u kuchunguza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria. Ripoti yake ya 2004 ilionyesha kwamba viwanja vya michezo, masoko, hata vyoo vya umma vilikuwa vimepewa watu binafsi. Nilipoisoma nilitafuta mtaa wetu kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa, kama mtu anayetafuta jina lake katika orodha ya waliopita mtihani. Mathare wao walikuwa wamejipanga mapema. Chama chao cha michezo ya vijana, MYSA, kilianza mwaka wa 1987, na timu ilipata pointi za ligi kwa kuzoa taka za mtaa pamoja na kufunga mabao. Humo ikazaliwa Mathare United, ikachukua kombe la taifa mwaka wa 1998 na ligi kuu mwaka wa 2008. Niliwaonea kijicho, nakiri, kijicho cha mtu aliyenyang'anywa sahani.

Leo pale petu pana maghorofa matano. Nimewahi kuingia mojawapo kumtembelea mwanafunzi mgonjwa. Kwa hesabu zangu ngazi zinapanda kutoka mahali ambapo goli la kusini lilikuwa, na tangi la maji limekaa kwenye kisanduku kile kipana. Mama yake alinikaribisha chai. Hawajui kitu, na kwa nini wajue? Nao wanahitaji pa kuishi. Nilimwuliza kijana anacheza wapi. Akaonyesha barabara, katikati ya magari mawili yaliyoegeshwa.

Viwanja vichache vilivyookoka vimepata bahati. Camp Toyoyo, ambako tulikuwa tukirudi nyumbani weusi kama makaa, siku hizi ina nyasi bandia. Nilikwenda kuishika kwa mkono nikadhani ni zulia la kanisa. Koth Biro halijafa. Kwa hiyo sitaki msomaji afikiri kwamba naomboleza kila kitu. Mzee wa filimbi, hata hivyo, alifariki kabla ya kuona hizo nyasi. Mpira wake ulikutwa chini ya kitanda, umeishiwa na pumzi. Fundi wa baiskeli aliujaza siku ya mazishi, ukawekwa juu ya jeneza, na mara kwa mara mtu alilazimika kuushika usiviringike.

Sisi tuliobaki ni wazee sasa, wenye vitambi na magoti ya kununua. Mara moja kwa mwezi hukutana katika kiwanja kimoja cha kukodi, cha nyasi bandia, chenye taa na wavu pande zote. Tunacheza saba kwa saba. Kipa ni yule yule, ila siku hizi hapigi mbizi. Anautazama mpira ukipita na kuusindikiza kwa maneno. Aliyekuwa nahodha wa mtaa wa pili, yule wa mawe, anacheza upande wetu. Mwezi uliopita tulikuwa tumefungana matatu kwa matatu, tumepata kona, na mimi ndiye nilikuwa naipiga, kijana mwenye zamu alipopuliza filimbi. Saa yetu imekwisha.

"Wazee wangu," akasema, "mkitaka nusu saa nyingine mnaweza kulipa sasa hivi, kabla hawa wengine hawajaingia."

Tulitazamana. Mfungaji wetu akasema yeye amebakiza nauli tu. Nahodha wa mtaa wa pili alikuwa ameshaitoa simu mfukoni. "Leteni mlicho nacho," akasema, "nitaongezea." Tukaanza kuitana namba.